Nani Anakupikia?

Kama unataka kugombana na Orpha, mwambie asalimie kwa ufupi. Mengine atakuvumilia. Mkanyage mguu kwenye basi, yeye ndiye atakayekuambia pole. Mpite kwenye foleni, atakutazama tu. Lakini thubutu kumwambia, "Mama, punguza maneno, sema hi yaishe." Atakuuliza ulilelewa na nani, na hatauliza kwa upole.

Kwao Uvira, mashariki ya Kongo, salamu ni kazi, na kazi haiachwi nusu. Unaulizwa umeamkaje, nyumba ikoje, watoto wako wapi, mgonjwa wako amepata nafuu, jana mlikula nini. Unajibu moja moja, kisha unazirudisha zote kwa aliyekuuliza. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Orpha aliondoka huko mbio akiwa na miaka kumi na miwili, vita vikamtenganisha na mama yake njiani, akakulia kambini Tanzania, akaletwa Birmingham, Uingereza, akiwa mtu mzima mwenye mimba ya miezi mitano. Leo ana miaka arobaini na moja na binti mmoja wa miaka kumi, Sagesse. Wanaishi ghorofa ya tatu katika jengo refu la mtaa wa Ladywood, na siku tano kwa wiki anakunja mashuka ya hoteli katika kiwanda cha kufulia. Amepoteza vitu vingi katika safari hiyo, ila salamu yake haijapungua hata neno moja.

Au niseme, ilipungua kidogo, na hilo ndilo lililomuuma.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, polisi walivunja mlango uliotazamana na wa Orpha. Ndani walimkuta bibi mmoja wa Kiingereza, amefariki tangu siku kumi na moja. Siku kumi na moja, jamani! Orpha na Sagesse walikuwa wakipita hapo asubuhi na jioni, wakisikia televisheni ya bibi inaongea, wakisema ah, bibi yupo. Siku ile Sagesse akauliza, "Mama, alikuwa anaitwa nani?" Orpha akafungua mdomo, akaufunga. Miaka minane mlango kwa mlango, hi ya asubuhi, hi ya jioni, na jina hakulijua.

Aliona haya mpaka chakula kikamshinda. Lakini haya ya Orpha haikai kitako, hugeuka hasira, na hasira yake hutafuta kazi ya kufanya. Wiki ileile alishuka ofisini kwa Jaswinder, msimamizi wa jengo, akaomba ufunguo wa chumba cha jumuiya kilichoko chini, kila Jumamosi saa nne hadi saa sita. Jaswinder alimpa bila maneno mengi, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Kilikuwa na viti vya plastiki vilivyopandana, birika lisilo na kifuniko, na hita iliyogongagonga ukutani.

Wenzake wa jengo hilo wanaosali naye kule Erdington walileta watoto wao wakidhani ni darasa la Kiswahili. Waliposikia kwamba watoto wanaandika kadi za kuwapelekea majirani, baadhi walicheka. "Mama Sagesse, siku hizi kuna simu."

"Simu iko na kazi yake," akajibu. "Lakini barua ni nusu ya kuonana, na sisi mu hii jengo hatuonani hata robo."

Masharti yake yalikuwa machache, na hayakuwa na mjadala. Kadi za dukani marufuku, maana zile zinakuja zimekwisha kusema kila kitu, mtoto anabaki kuweka jina lake tu. Unachukua karatasi ngumu tupu, unaikunja, unachora nje kitu ambacho yule mtu atakipenda. Ndani unaandika jina lako, wewe ni mtoto wa nani, unakaa ghorofa gani. Kisha unauliza maswali manne: Umeamkaje? Nani anakupikia? Watoto wako wako wapi? Jana ulikula nini? Watoto wengi walizaliwa hapahapa, Kiswahili wanakisikia na kukijibu kwa Kiingereza, na Orpha hakugombana nao kwa hilo. Kiingereza kiwe cha Ladywood, alisema, maswali yawe ya Uvira.

Halafu kadi haisukumwi chini ya mlango kama tangazo la pitsa. Mtoto anapanda, Orpha akiwa nyuma yake kwenye ngazi. Anabisha, anasimama wima, anaikabidhi kwa mikono miwili. Mlango usipofunguliwa anarudi nayo, anaileta tena Jumamosi inayofuata. Mtoto mmoja alirudi mara tano kwa mlango uleule, na mara ya sita mwenye mlango akafungua, akisema alitaka tu kujua watachoka lini.

Msaidizi wake alikuwa Raksha wa ghorofa ya tano, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, mwenye miaka sabini na kitu, na Kiswahili chake hakijaota kutu hata kidogo. Yeye ndiye aliyesahihisha Kiingereza cha watoto. "Sisi Kenya tulikuwa tunatuma kadi za salamu redioni," aliwaambia siku ya kwanza. "Unataja watu ishirini kwa majina, na ukimsahau mmoja tu, anakununia mwaka mzima. Kwa hivyo mwandike vizuri, mimi sitaki mtu anuniwe."

Basi mambo yalikwenda. Kutoka watoto wanne wakafika kumi na mmoja. Milango iliyokuwa haifunguki ikaanza kuacha upenyo. Na ndipo, Machi ya mwaka huu, Sagesse akasema anataka kumwandikia Mark.

Mark ni mzee wa ghorofa ya tisa, alikuwa fundi wa mabasi kabla ya kustaafu, na jengo zima linamjua kwa kulalamika. Huandikia ofisi kila wiki, karatasi pande zote. Lifti, njiwa, mapipa ya taka, hakuna kilichomponyoka. Raksha alitikisa kichwa. "Huyo atakula mtoto mzima mzima," alisema. Sagesse akachora basi jekundu lenye magurudumu manne, akaandika maswali yake kwa mwandiko wake bora, akapanda. Mark alifungua mlango mnyororo ukiwa bado umefungwa, akaipokea kadi kwa vidole viwili, akaisoma yote palepale, akasema, "Haya," akafunga. Sagesse alishuka ngazi akirukaruka. "Mama, aliisoma mpaka mwisho. Niliona macho yake yanatembea."

Jumanne yake ikaja barua ya ofisi.

Barua za ofisi Sagesse ndiye humsomea mama yake, kwa sababu Kiingereza cha Orpha ni cha kiwandani na hizi barua zina Kiingereza cha kona kona. Aliisoma akiwa amesimama jikoni. Ofisi imepokea malalamiko kutoka kwa mpangaji. Watoto wa kikundi cha Jumamosi wanauliza maswali ya kuingilia maisha ya watu. Maswali hayo yanaweza kufichua nani anaishi peke yake. Kuanzia Jumamosi ijayo kikundi kitatumia kadi zitakazotolewa na ofisi, zilizokwisha kuchapwa "Ninakuwaza", zisizo na swali lolote, na zitatiwa kwenye visanduku vya barua huko chini. Kama Orpha hakubali, arudishe ufunguo wa chumba. Aje ofisini Alhamisi saa kumi na moja jioni atoe jibu.

Sagesse alifika mwisho, akaikunja barua. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, sauti yake ikiwa ndogo, "Mama, kwani nilimkosea adabu?"

"Hapana."

"Lakini wameandika. Nimemwingilia maisha yake." Akaenda chumbani, akarudi na boksi la kalamu zake za rangi, akalitumbukiza kwenye pipa la taka, taratibu kabisa, akafunika. "Siandiki tena," akasema. "Sikutaka kumuudhi mtu."

Hapo ndipo damu ilipompanda Orpha. Chumba kingeweza kupotea, vyumba viko vingi duniani. Lakini mtoto alimfanyia mtu wema kwa mikono yake miwili, na sasa anaona haya kana kwamba ameiba! Angezipokea zile kadi za ofisi, angekuwa anamwambia Sagesse kwamba ndiyo, mwanangu, ulikosea, watu wasiulizwe. Na mlango mwingine wa jengo lile ungekuja kukaa na maiti siku kumi na moja.

Alizitoa kalamu kwenye pipa, akazipangusa moja moja, akaziweka mezani.

Kesho yake alikwenda kwa Raksha kutafuta mtu wa kumuunga mkono, akakuta shauri.

"Hebu sikia, Mama Sagesse," Raksha alisema akimmiminia chai. "Chukua kadi zao. Watoto waandike maswali ndani kwa penseli, kidogo kidogo, nani atajua? Chumba tunabaki nacho. Hawa watu wa ofisi, mimi nimekaa nao miaka hamsini, unawaambia yes halafu unafanya yako."

"Kwa siri?"

"Kimya kimya tu."

"Hapana, Mama Raksha." Orpha aliweka kikombe chini. "Mwizi ndiye anafanya kwa siri. Nikiwafundisha watoto kusalimia watu kwa kujificha, nimewafundisha nini? Kabisa kabisa, siwezi."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Iko kigumu. Ndiyo imenifikisha hapa."

Wazazi nao walianza kupiga simu. Mmoja alisema mtoto wake ana mafua. Mwingine alisema wazi: sisi tunaishi nchi hii kwa makaratasi, Mama Sagesse, jina letu likiingia kwenye barua za ofisi hatujui litaishia wapi. Orpha aliwaelewa, maana woga huo anaujua, aliulala na kuuamka miaka mingi. Lakini kuuelewa woga si kuutii.

Jumatano hiyohiyo jioni, wakati anamsuka Sagesse nywele sebuleni, ndipo alipomwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Alimtuma kwanza chumbani, alete mfuko wa plastiki unaohifadhi vyeti. Kutoka chini kabisa akatoa karatasi ya Msalaba Mwekundu, wale waliowapelekea wakimbizi barua za ndugu waliopotezana, ya kijivu kwa uzee, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka.

"Hii ni ya bibi yako," akasema. "Mama yangu. Ilinikuta kambini, mimi niko na miaka kumi na nne. Ilikuwa imetembea karibu mwaka na nusu. Huwezi kuandika mengi mule, watu wanaisoma kabla haijafika kwako. Soma."

Sagesse hakuweza kusoma vizuri Kiswahili cha mkono wa mtu, basi Orpha akamsomea, ingawa macho yake hayakuhitaji karatasi. *Orpha mwanangu. Unakula kwa nani? Unalala na nani pembeni? Nani anakusuka nywele?*

"Basi?" Sagesse aliuliza.

"Basi. Hakuandika ananipenda. Hakuandika ananiwaza. Miaka miwili kila mtu kambini alikuwa ananihurumia, ooh maskini mutoto, pole mutoto. Hakuna mtu hata mmoja aliniuliza nani ananisuka. Nilipoona hilo swali, nikajua niko na mama. Mtu akikuuliza hivyo, anataka kukujua wewe, si kujisikia yeye vizuri."

"Ulimjibu?"

"Nilijibu. Nikaandika, ninajisuka mwenyewe, mama, lakini nyuma panakuwa kombo." Orpha alivuta msuko, akaufunga. "Sijui kama ilifika. Barua nyingine haikuja tena. Sasa wewe uniambie hilo swali ni kukosa adabu."

Sagesse alikaa ameshika ile karatasi kwa mikono miwili mpaka kichwa chote kikaisha kusukwa.

Alhamisi Orpha alitoka kiwandani, akashuka basi, saa kumi na moja akaingia ofisini na aproni ya kazi ndani ya mkoba. Jaswinder alikuwa nyuma ya meza, sandwichi yake bado iko kwenye karatasi, haijaguswa. Si mwanamke mbaya Jaswinder, msije mkamwona shetani. Ana majengo matatu na mikono miwili.

"Umeamkaje, Madame Jaswinder?" Orpha alianza. "Watoto wako wazima? Umekula leo?"

"Orpha, tafadhali. Hicho ndicho tulichoitana kukizungumza."

"Hujala," alisema Orpha, akaketi.

Jaswinder alieleza kwa subira. Mwaka jana mtu alijifanya fundi wa bomba akamwibia mzee mmoja katika jengo la pili. Taarifa za watu wanaoishi peke yao ni jambo nyeti. Hakuna anayesema watoto wana nia mbaya, lakini ofisi ikipokea malalamiko haiwezi kukaa nayo. Orpha alisikiliza yote.

"Mwizi anauliza funguo iko wapi," akasema. "Hajawahi kuuliza mtu nani anakupikia. Na yule bibi wa mbele yangu, taarifa zake mlizilinda vizuri sana. Hakuna aliyejua kitu."

Jaswinder alitazama meza. "Hilo si haki," alisema baadaye.

"Si haki, kweli. Mimi pia sikujua, ndiyo maana nimeanza. Sasa nisomee hayo malalamiko. Nataka kusikia mtoto wangu alifanya nini."

Jaswinder alisitasita, kisha akatoa kurasa mbili zilizoandikwa pande zote, akaziba jina kwa kidole, kana kwamba jengo zima halijui nani huandika pande zote. Akasoma.

"'Mimi ni mpangaji wa miaka ishirini na sita. Nimeletewa kadi na mtoto nisiyemjua. Anauliza nimeamkaje. Niliamka saa kumi alfajiri kama kawaida, kwa sababu ya goti, na sioni linamhusu nini. Anauliza nani ananipikia. Kwa taarifa yenu, hakuna anayenipikia. Hakuna aliyenipikia tangu mke wangu afariki, miaka sita iliyopita, na yeye alikuwa akipika vizuri, hasa siku za Jumapili. Anauliza watoto wangu wako wapi. Mmoja yuko Australia. Mwingine yuko Leeds, na ni kana kwamba naye yuko Australia. Anauliza jana nilikula nini. Nilikula mkate wa kuchoma. Juzi nilikula mkate wa kuchoma. Sijui ni nani anayedhani mambo haya ni ya kuulizwa na mtoto. Aidha, basi alilolichora lina magurudumu manne, na la aina hiyo lina sita...'"

"Ngoja," alisema Orpha. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Madame, umesikia unachosoma?"

"Nimesikia. Amekasirika."

"Amejibu! Maswali manne, amejibu manne, moja moja, kama mutu wa Uvira. Mpaka na basi amelitengeneza. Haiko malalamiko hiyo. Iko jibu, imepotea njia ikaja kwenu." Akanyoosha mkono. "Sasa niambie. Nani amemjibu?"

"Malalamiko yake yamepokelewa na kuandikishwa."

"Sikuuliza hivyo. Mtu amesema mke wangu amekufa, nakula mkate wa kuchoma kila siku. Nani amemjibu?"

Jaswinder alifungua mdomo, akaufunga, kama Orpha alivyofanya siku ile mbele ya Sagesse. "Orpha," akasema mwishowe, "mimi binafsi nakuelewa. Lakini nimeagizwa. Kadi zetu, au ufunguo."

Lile boksi la kadi lilikuwa pale mezani, hamsini, zote zina waridi moja lilelile. Orpha alichukua moja, akaisoma, akairudisha mahali pake kwa adabu. Kisha akatoa ufunguo kwenye mkoba, akauweka juu ya boksi.

"Chumba ni chenu," akasema. "Aksanti, tulikitumia vizuri na tumekifagia. Lakini ngazi ni za wapangaji, na mimi ni mpangaji. Jumamosi tutakaa ngazini."

"Nitalazimika kukuandikia barua nyingine."

"Andika. Sisi barua hatuogopi, tunazijibu." Alisimama, akafika mlangoni, akageuka. "Na ule hiyo sandwichi."

Jumamosi walikuja watoto watano kati ya kumi na mmoja. Orpha hakuwahesabu kwa sauti. Walikaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya nane na ya tisa, makoti yamefungwa mpaka shingoni, kwa sababu ngazi zile hazina hita na upepo huingia kwa dirisha lililokataa kufunga. Kadi ziliandikiwa magotini. Raksha alipanda na lifti akiwa amekumbatia mito ya kochi lake.

"Usiniangalie hivyo," alimwambia Orpha, akiwagawia watoto mito. "Sijasema nilikosea. Nimesema tu simenti ni baridi." Akakaa ngazi ya chini yao na miwani yake.

Kadi ilikuwa moja siku hiyo, ya wote. Wa kuichora ilibidi awe Sagesse, na Sagesse alikuwa amekuja na kalamu zake mfukoni lakini mikono ameiweka ndani ya mikono ya koti. Hakuna aliyemlazimisha. Watoto wengine walianza kuchora basi, wakabishana magurudumu yanakaa wapi, wakalikosea. Sagesse alivumilia dakika tano.

"Lete," akasema.

Alichora basi jekundu lenye magurudumu sita. Ndani waliandika wenyewe, Raksha akisahihisha: *Tumepata majibu yako, asante. Pole kwa mke wako. Tungependa kujua jina lake. Pole kwa goti. Basi tumelirekebisha. Kesho Mama atapika sombe, ni majani ya muhogo, tutakuletea sahani. Umeamkaje leo?* Wakaweka majina yote matano.

"Nani anapeleka?" Orpha aliuliza.

Wanne wakamtazama Sagesse, na Sagesse akatazama viatu vyake.

"Akinikaripia?" aliuliza.

"Akikukaripia, nitakuwa hapa nyuma ya ukuta. Nitasikia kila neno, na akimaliza kukukaripia wewe nitakwenda mimi, tuone." Orpha alimfunga kifungo cha juu cha koti. "Lakini hutakwenda kama umeiba. Unakwenda umepeleka jibu."

Sagesse akapanda ngazi zilizobaki, akapotea kwenye ukumbi. Orpha akasogea mpaka pembeni ya ukuta, mgongo ameubana ukutani. Alisikia mlango ukibishwa. Alisikia mnyororo. Na nisiwadanganye, aliogopa, maana alijua kwamba mlango ule ukibamizwa, mtoto yule hatabisha mlango mwingine maisha yake.

Mnyororo ulitolewa.

"Umechelewa," ilisema sauti ya Mark. "Saa tano na nusu. Jumamosi zote nawasikia ngazini kabla ya hapo."

"Samahani," alisema Sagesse. "Hatuna chumba tena. Tumeandikia hapa ngazini."

"Ngazini? Kwenye baridi hii? Nani kafanya hivyo?"

"Ofisi. Kwa sababu ya malalamiko."

Karatasi ilifunguliwa. Orpha aliwazia macho yale yanatembea, kutoka mke mpaka goti, mpaka basi, mpaka sombe.

"Maureen," Mark alisema hatimaye. Akakohoa. "Aliitwa Maureen. Na magurudumu sasa yako sawa. Ofisi nitawaandikia leo hii, watoto kuwekwa ngazini, hawana akili hawa." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu kitu ambacho hajakifanya siku nyingi, "Na wewe... hizo nywele. Hiyo ni kazi kubwa. Nani anakusuka nywele?"

Kule ngazini Raksha aliinua kichwa, hakuelewa kwa nini Orpha ameshika ukuta namna ile. Ukumbini Sagesse aligeuka akaitazama pembe ya ukuta ambako mama yake alikuwa amejibana.

Orpha hakungoja mtoto aseme. Alitoka pale mafichoni, akasimama katikati ya ukumbi wa ghorofa ya tisa, machozi yamemjaa na hakuyafuta, akajibu kwa sauti ambayo wa ghorofa ya saba waliisikia.

"Ni mimi," akasema. "Mama yake. Mimi ndiye ninayemsuka."